Sauti ya Phanice Katika Ngome ya Walumoli

Wachira ameshona yunifomu Kitale kwa muda mrefu hivi kwamba kuna wazazi wanaomletea watoto wao awapime, na wazazi hao hao aliwapima yeye mwenyewe walipokuwa wanaingia darasa la kwanza. Duka lake ni chumba kimoja nyuma ya soko. Ndani mna cherehani mbili zilizopeana mgongo. Moja ni yake. Ya pili ilikuwa ya mkewe, Phanice, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja pindo, kutia vifungo, na kubishana na wateja waliotaka nguo jana.

Phanice alifariki mwaka jana, mvua za kupanda zilipoanza. Alilalamika kichwa, wakadhani ni baridi ya asubuhi. Kabla ya wiki kuisha alikuwa wodini, hatambui mtu, na hakurudi nyumbani. Daktari alisema ni presha, tena ya siku nyingi. Walimzika kwenye shamba la Wachira, karibu na kaburi la mama mkwe wake, na watu wakajaa boma mpaka hema halikutosha. Baada ya mwezi mmoja boma likawa la mtu mmoja. Kui, mtoto wao wa pekee, alirudi kazini Doha. Majirani walirudi kwa mahindi yao. Wachira aliifunika ile cherehani ya pili kwa kitenge, akaendelea kushona akiwa ameipa mgongo kama zamani, na mara kwa mara alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia ili apewe makasi.

Alianza kuwakwepa watu. Chai ya asubuhi alikunywa hotelini, pale kwenye meza ya pembeni inayotazama ukuta. Kanisani aliketi karibu na mlango. Na simu za Nekesa, dada yake Phanice anayeishi Kabuchai, hakuzipokea kabisa. Hakuwa na ugomvi naye. Ni vile tu Nekesa alikuwa na sauti moja na marehemu, ile ile ya kukwaruza kidogo, na akisema "halo" ilikuwa kama Phanice anaita kutoka jikoni.

Basi siku moja mwezi wa kumi simu ililia kwa namba asiyoijua, akadhani ni mteja.

"Mulamwa," sauti ikasema, kwa maana hivyo ndivyo Wabukusu wanavyomwita shemeji. "Kumbe uko hai. Ati mpaka niombe simu ya jirani ndio ushike?"

Wachira akaketi juu ya vitambaa. "Shemeji. Pole. Kazi imekuwa mingi."

"Kazi gani na shule zinafunga? Wachana na hiyo. Nilitaka kukuambia kitu. Unajua ile ngome ya Walumoli, kule juu ya Misikhu? Wamemaliza kuijenga. Imekuwa makumbusho, wageni wanaingia. Na kuna nyumba wameweka sauti za watu."

"Sauti za watu gani?"

"Watu wa hapo. Wenye wanajua hadithi ya vita. Walikuja kurekodi wakati mama alikuwa mgonjwa, unakumbuka? Mama hakuweza kuongea vizuri, sasa Phanice ndiye aliongea mahali pake. Mulamwa, sauti yake iko huko. Mtu wa kanisa letu ameisikia wiki iliyopita, akalia."

Wachira aliokota kipande cha kitambaa, akaanza kukikunja.

"Enda ujisikilizie," Nekesa akasema, kwa upole sasa. "Mimi nilikuwa hapo siku hiyo. Enda tu."

Alikumbuka, ingawa kidogo. Phanice alikuwa amekaa kwao mwezi mzima akimuuguza mama yake. Aliporudi Kitale alikuwa na habari nyingi, na moja ilikuwa ya wageni waliokuja na mashine wakawaweka chini wazee wa kijiji. Lakini ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, duka limejaa akina mama, na yeye alikuwa na sindano mdomoni. Aliitikia kwa kichwa. Phanice akachukua kaptura za kukunja, habari ikaishia hapo.

Jambo lingine ni kwamba wawili hao waliongea Kiswahili nyumbani. Watu wa Wachira walitoka Nyeri, wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla hajazaliwa, na mama yake mzazi hakuona haja ya kujifunza lugha nyingine. Mama huyo aliishi nao miaka mingi, na Phanice alijifunza Kikuyu jikoni, kwa kukosolewa, mpaka wageni wakawa wanamwuliza anatoka upande gani wa Nyeri. Wachira kwa upande wake alijua Kibukusu cha maneno matatu. Alijua *mulembe*, ya kusalimia. Alijua *kukhu*, bibi mzaa baba au mama. Na alijua *busuma*, ugali, kwa sababu mgeni Bungoma hawezi kukosa kulijua hilo. Walipoenda kwa wakwe, kila mtu alianza Kiswahili akimwona anaingia, halafu baada ya dakika chache wakasahau. Yeye alikaa na soda yake, na wengine walipocheka, naye alitabasamu.

Ilimchukua wiki kadhaa kuamua. Mwishowe, asubuhi moja ya Novemba, alivaa suti aliyoishonea harusi ya mtoto wa jirani, akafunga duka bila kumwambia mtu, akapanda gari la kwenda Misikhu. Kutoka hapo bodaboda ilimpandisha mlimani. Mashamba yalikuwa yamevunwa nusu, mahindi yamesimamishwa mafungu mafungu, na upepo ulikuwa mkali.

Walumoli si mlima mrefu, lakini umekaa mahali pake peke yake, na ukifika juu unaona nchi yote mpaka moshi wa viwanda vya sukari. Zamani, kabla ya serikali ya wakoloni, watu wa upande huo walijenga ngome juu yake: ukuta wa udongo uliozunguka nyumba zao zote, handaki refu nje ya ukuta, na lango moja tu jembamba. Bunduki zilipokuja, ukuta ulisimama kwa siku kadhaa, kisha ukabomolewa. Mvua ilimaliza iliyobaki. Kwa miaka mingi ng'ombe walilishwa hapo, na Phanice alipokuwa mtoto alicheza ndani ya handaki akidhani ni mto uliokauka.

Sasa sehemu ya ukuta ilikuwa imejengwa upya kwa udongo mwekundu. Handaki lilikuwa limechimbwa, likawekewa daraja la mbao. Ndani ya ukuta kulikuwa na nyumba tatu kubwa za mviringo zenye mabati ya kijani, na kantini iliyofungwa kwa kufuli. Hapakuwa na mgeni mwingine. Wachira alilipa kiingilio dirishani kwa msichana aliyevaa koti zito. Msichana akatoka nje akiwa na funguo mkononi.

"Karibu, mzee. Mimi naitwa Cheptoo, ndio nitakutembeza. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Hakuna shida. Shule zimefungwa, sasa tuko hivi tu. Juzi sikuona mtu hata mmoja."

Alimwonyesha lango, jinsi lilivyobanwa ili adui aingie mmoja mmoja akiwa ameinama. Alimwonyesha mikuki, ngao za ngozi ya nyati, mitungi, na picha kubwa ukutani ya ngome jinsi ilivyofikiriwa kuwa, imejaa watu na moshi wa jioni. Alieleza kwamba udongo wa ukuta ulikandwa na wanawake, na maji waliyabeba vichwani kutoka chini mtoni. Wachira alisikiliza kwa adabu. Aliweka kiganja kwenye ukuta mpya, akauona baridi. Alikuwa anangoja nyumba ya tatu, iliyokuwa bado imefungwa.

"Na sauti?" akauliza hatimaye. "Niliambiwa mna sauti."

"Ah, chumba cha sauti. Hiyo watu wanapenda." Cheptoo akafungua mlango. Ndani kulikuwa na giza kiasi, mabenchi, na picha za watu zimepangwa ukutani kwa mviringo. Chini ya kila picha palikuwa na kitufe. "Unafinya hapa, mwenyewe anaongea. Hebu angalia." Akafinya kimoja. Kimya. Akafinya kingine. Akaenda mlangoni kubonyeza swichi ya taa.

"Stima imepotea," akasema. "Ni huu upepo. Pole, mzee. Labda urudi siku nyingine?"

Wachira alikuwa ameshaiona picha. Mkwe wake amelala kitandani, mwembamba, na kando yake Phanice ameketi kwenye stuli, ameshika mkono wa mama, mdomo wazi katikati ya neno. Alikuwa amevaa sweta yake ya zambarau.

"Nitangoja," akasema.

"Inaweza kukaa mpaka kesho, si unajua stima ya huku."

"Nitangoja tu, msichana wangu. Sina haraka."

Cheptoo alimtazama, akatazama picha aliyokuwa anaiangalia, akaelewa. Alienda akarudi na chai ya thermosi yake, akamwekea kikombe kwenye benchi, akamwacha mlango wazi apate mwanga.

Wachira alikaa humo mchana wote. Upepo ulipiga mabati. Mara mbili alisimama, akatoka mpaka ukutani, akatazama chini ambako paa za Misikhu zilionekana ndogo, akarudi. Hakuna aliyeingia. Mara alijiona mjinga, mzee mwenye suti anayengoja umeme mlimani. Mara aliogopa kwamba utarudi. Alijaribu kuikumbuka sauti ya Phanice kabla ya kuisikia, ili alinganishe, akagundua anaisikia vizuri ikigombana na wateja tu. Ile ya kuzungumza naye peke yake, nyumbani, wakati wa kula, ilikuwa imeanza kufifia, na jambo hilo lilimtisha kuliko upweke wenyewe.

Jua lilikuwa limeinama na Cheptoo alikuwa amekuja na funguo kumwambia ni saa ya kufunga, ndipo taa zikawaka.

Cheptoo alisogea kando. Wachira alifika kwenye picha, akafinya kitufe kwa kidole gumba.

Kulianza na vyombo vinavyogongana, jogoo kwa mbali, mtu anakohoa. Halafu Phanice akaanza kuongea.

Aliongea Kibukusu.

Wachira alikuwa hajalifikiria hilo. Katika wiki zote za kujiandaa alikuwa amejiona akisikia maneno, anaelewa, pengine anajibu moyoni. Na sasa mkewe alikuwa anaongea haraka, kwa furaha, sauti ikipanda na kushuka kwa namna ambayo hakuwahi kuwa nayo katika Kiswahili, na yeye hakushika chochote. Alishika *kukhu*. Akashika *kukhu* tena. Sauti ikawa ya chini, kama mtu anayesimulia jambo zito, na watu waliokuwa karibu naye wakatoa mguno wa huruma. Wachira aliinamisha kichwa karibu na spika. Kisha, ghafla, kati ya maneno hayo yote, akasikia jina lake.

"...Wachila..." Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa L. Akasema maneno mengine, na chumba kizima katika ile rekodi kikaangua kicheko. Hata mama mgonjwa alicheka, kicheko chembamba kikaishia kwenye kikohozi. Halafu kukawa kimya, na rekodi ikaisha.

"Amesema nini?" Wachira akamgeukia Cheptoo. "Hapo mwisho. Ameniita. Mimi ndiye Wachira. Amesema nini?"

Cheptoo alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti. "Mzee, mimi ni Msabaoti, natoka Kapsokwony. Hii lugha naisikia ya sokoni tu. Kuna wenye hutafsiri, lakini wamepewa likizo."

Wachira akafinya tena. Walisikiliza wote wawili wakiwa wamesimama, vichwa vimeinama, mmoja Mkikuyu na mwingine Msabaoti. Kicheko kilipofika kilikuwa kile kile. Mara ya tatu Wachira hakujaribu tena kuelewa. Aliiacha sauti ipite tu.

Nje alimpigia Nekesa. "Nimesikia," akasema. "Sikuelewa."

"Hata mimi sikufikiria hiyo. Uko wapi sasa?"

"Hapa langoni."

"Sikuambii kwa simu, mulamwa. Kuja nyumbani. Kuja sasa, nitaweka chakula."

Bodaboda ilimpeleka Kabuchai kwa njia za ndani, katikati ya miwa iliyoziba pande zote mbili. Alikuwa hajafika kwa Nekesa tangu kabla ya mazishi. Shemeji alimpokea uani, akamshika mikono yote miwili bila kuiachilia, akamwangalia suti, akamwangalia uso. "Umekonda," akasema. Ile sauti. Wachira alivumilia, na alishangaa kuona kwamba anaweza kuvumilia.

Alimpa kiti, akamletea maji ya kunawa, na ugali na kuku. Alingoja mpaka amekula kidogo.

"Alikuwa anasema habari ya kukhu wa mama yetu," Nekesa akaanza. "Ngome ilipovunjwa alikuwa msichana tu. Walitolewa kwa lile lango wameinama, wanawake na watoto, halafu wale waliokuwa wamesaidia wazungu wakawapeleka kwao mbali. Akaolewa huko. Watu hao hakujua lugha yao. Ati mwaka wa kwanza hakusema neno, walidhani ni bubu. Ndio hapo ulisikia watu wakiguna."

"Nilisikia."

"Alijifunza. Akazaa. Akarudi huku akiwa mzee, na sasa Kibukusu ndicho kilikuwa kimempotea, watoto wakawa wanamcheka. Hiyo hadithi mama alitupa sisi tukiwa wadogo."

"Na mimi? Niliingiaje hapo?"

Nekesa alianza kutabasamu kabla ya kusema. "Yule wa mashine alimuuliza Phanice, 'Na wewe, si umeolewa na Mkikuyu, mnasikilizana?' Phanice akasema, 'Mimi usingizini naongea Kibukusu. Na huyu bwana yangu Wachira, akiwa usingizini vile vile, ananijibu kwa Kikuyu. Nikiuliza, anaitikia tu. Mimi huamka nusu tu, nikawasikiliza hao wawili wakiongea, na sijawahi kusikia wakigombana.'"

Wachira aliweka tonge chini.

"Hakuwahi kuniambia," akasema.

"Si ungeanza kujichunga ukilala."

Wachira alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikamshtua, na kilipoisha alijifunika uso kwa mkono wake ambao haukuwa na ugali, akalia kwa namna ambayo hakulia siku ya mazishi. Nekesa hakumwambia anyamaze. Alikaa hapo hapo, akimfukuza kuku aliyekuwa anakaribia sahani.

Asubuhi yake alirudi Kitale akiwa na mfuko wa maharagwe na mkungu wa ndizi, mizigo ambayo shemeji alikataa aondoke bila kuibeba.

Mambo hayakubadilika sana. Nyumba ilikuwa na kimya kile kile. Alipoenda kulala alijaribu mara moja au mbili kukisia kama bado anaongea usingizini, lakini hapakuwa na wa kumwambia. Simu za Nekesa alizipokea sasa, na Krismasi alienda Kabuchai. Na kila baada ya muda fulani, kazi ikipungua, alifunga duka akapanda Walumoli. Cheptoo alimzoea. Alimfungulia chumba cha sauti akamwacha. Siku moja Wachira alikuta wanafunzi wamejaa humo wakifinya vitufe vyote kwa pamoja, sauti za wazee zikagongana kama sokoni. Hakukasirika. Aliketi nje kwenye daraja la handaki mpaka wakaondoka.

Alimsimulia Kui habari yote ya ile sauti Jumapili moja kwa simu. Kui alilia kidogo kule Doha, halafu akawa mtu wa kutengeneza mambo, kama mama yake.

"Lakini baba, si ungerekodi tu na simu yako? Uwe nayo. Unitumie na mimi."

"Wewe nitakutumia. Cheptoo amesema atanisaidia."

"Na wewe?"

"Mimi sitaki kuiweka kwa simu."

"Kwa nini sasa?"

Wachira alifikiria. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya mabati, si kubwa.

"Nikiwa nayo hapa mfukoni," akasema, "sitakuwa na mahali pa kwenda."

Kui akamuuliza kama amekula. Alimwambia amekula, ingawa sufuria ilikuwa juu ya jiko na maji yalikuwa bado hayajachemka.